Vidole Viwili Shingoni

Mtaa mzima ulimwita wifi yangu Mama Kola, na jina hilo hakulipata kwa bahati. Ukivaa shati aliloshona yeye, kola ilikukaa shingoni kama imeota hapo. Haikukaba, haikupwaya, na hata ukitoka jasho kutwa nzima haikulala. Mimi ni dada wa marehemu mumewe. Kaka yangu alipofariki watu walikaa wakisubiri tugombanie cherehani, maana mawifi tumeshahukumiwa kabla hatujafungua midomo. Badala yake nilihamisha kiti changu nikakipeleka dukani kwake, nikawa namshonea vifungo, nazungushia matundu yake uzi na kumpigia pasi. Kugombana tuligombana, tena sana, lakini kwa raha zetu.

Duka lenyewe ni chumba kimoja cha mbele. Meza ya kukatia iko katikati, cherehani iko chini ya dirisha la barabarani, na kioo kirefu chenye ufa kimeegemezwa ukutani. Kiti changu kiko karibu na mlango, mahali pazuri pa kuwaona wapita njia na kuwasema. Nyuma ya pazia ndiko anakolala yeye.

Lazima nieleze alivyokuwa akipima, la sivyo hamtanielewa mbele. Mafundi wengine wakipima shingo huzungusha tepu, wakasoma namba, wakaongeza kidogo, basi. Yeye alizungusha tepu kisha akapenyeza vidole viwili, cha shahada na cha kati, katikati ya tepu na shingo ya mteja. Halafu anaamuru, "Meza mate." Mteja akimeza, wifi anasikiliza kwa vidole jinsi koo linavyopanda na kushuka, ndipo anasoma namba. Kiunoni aliweka vidole vinne, kwenye kifundo cha mkono kidole kimoja. Mama yake ndiye aliyemfundisha hivyo. Siku moja nilimwambia aongeze sentimita mbili tu kwenye namba aache kuwatekenya watu. Alinitazama kama nimemtukania wazazi.

"Tepu haijui kwamba shingo inameza, wifi."

Nikarudi kwenye vifungo vyangu.

Maumivu yalimjia taratibu, na hakuna anayeweza kusema yalianza lini. Yalipoingia magotini tulisema ni pedali ya cherehani. Yalipopanda mgongoni tulisema ni kuinamia meza. Mikono ikaanza kufa ganzi alfajiri, tukasema ni mkasi mzito. Kichwa kikamgonga hasa nyuma ya macho, tukasema ni kutunga uzi kwenye sindano. Akawa anatoka jasho hata siku ya baridi, tukasema ni umri, na hapo mimi nilicheka maana huko nilishapita. Kila maumivu tuliyatafutia mzazi wake. Haikutupitia akilini kwamba yote ni watoto wa mama mmoja. Muuza dawa wa kona alimpa vidonge vyeupe, na hivyo vilipochoka kufanya kazi akampa vya njano.

Na mengine tuliyafanya mzaha kabisa. Miguu yake ilikataa viatu vyake, akahamia kwenye viatu vya kaka yangu. "Kitanda ulichukua, sasa unachukua na viatu," nilimwambia. Kastabini yake, kile kikofia cha chuma anachovaa kidoleni ili sindano isimchome, ikagoma kuingia. Nikasema viwandani siku hizi wanabania chuma, ingawa kastabini ilikuwa ileile ya miaka yote. Sauti ikawa nzito, mpaka mteja mmoja kwenye simu akamwamkia, "Shikamoo mzee." Tulicheka mpaka tukafuta machozi. Yeye ndiye aliyeacha kucheka kwanza.

Yote hayo aliyabeba. Mwanamke huyu aliweza kushona siku nzima huku magoti yanawaka, na ukimuuliza anakujibu, "Yapo, yananisalimia." Kilichomvunja ni kola.

Mkuu wa walinzi alikuwa mteja wetu wa zamani, mtu mnene wa heshima zake anayesimamia walinzi wa maghala. Kila mwaka mashati ya watu wake aliyaleta kwetu. Mwaka huo alirudi na furushi mkononi, akaliweka mezani taratibu kama mtu aliyeleta msiba.

"Mama Kola, samahani. Vijana wangu wanaonekana kama wameazima mashati ya baba zao."

Wifi akamsimamisha mbele ya kioo, tepu shingoni, vidole ndani. "Meza mate." Akameza. Wifi akasoma namba, akarudisha macho kwenye kola iliyopwaya, akatikisa kichwa.

"Umekonda."

"Mimi?" Mkuu wa walinzi alijitazama tumboni, na tumbo likamjibu lenyewe.

Wifi akalaumu tepu, akanunua mpya. Akalaumu kitambaa. Akalaumu sabuni wanayofulia. Mimi sikumwonea haya, nilimwambia mchagua jembe si mkulima. Alizifumua kola zote, akapima upya kila mlinzi, akashona upya. Zikarudi tena, zinapwaya vilevile. Mkuu wa walinzi hakugomba, na afadhali angegomba. Alikunja vitambaa vyake vilivyobaki, akasema atajaribu mashati ya kiwandani kidogo, akatoka huku akituomba radhi.

Wifi alikaa kwenye cherehani bila kushona. Barabarani watu walipita na kelele zao. Mwishowe akasema, "Nimeisha, wifi. Mikono imesahau kazi." Maumivu hakuyaogopa, lakini kuacha kuwa Mama Kola kulimtisha kuliko kaburi.

Akajiambia labda macho ndiyo yanasoma namba vibaya. Sababu alikuwa nayo. Mara mbili alikuwa ameunguza kiwiko kwa pasi niliyoiweka pembeni yake palepale ninapoiweka siku zote, na fremu ya mlango alikuwa akiipiga bega kila asubuhi. Tukafunga duka, tukaenda kwa daktari wa macho kutafuta miwani.

Daktari alikuwa kijana wa maneno machache. Alimsomesha herufi za ukutani, na wifi akazisoma zote mpaka zile ndogo za chini kabisa, tena kwa madaha. Nikaona hapa tumepoteza siku. Kisha daktari akavuta kiti, akakaa naye uso kwa uso.

"Nitazame puani, mama. Usihamishe macho. Ukiona vidole vyangu vinacheza, niambie."

Akatandaza mikono yote miwili, mmoja kulia mmoja kushoto, akaanza kuchezesha vidole. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la ukutani nyuma ya wifi, na niliviona vikicheza huku na huku. Wifi alimtazama puani, ametulia kama mtu anayesubiri chai yake ipoe. Daktari akavisogeza ndani kidogo. Vikacheza. Akavisogeza tena.

"Basi anza, daktari," wifi akasema.

Nilitaka kupiga kelele kwamba ameshaanza zamani, mbona huoni, mwanamke wewe! Daktari alishusha mikono polepole. Akaomba kushika mikono ya wifi, akaigeuzageuza, akavibonyeza vidole, akauliza kama viatu vimembana miaka hii. Kisha akauliza kama ana picha yake ya zamani. Wifi akatoa kitambulisho kwenye mkoba. Daktari akakiweka kando ya uso wa wifi, nami nikasimama kuchungulia.

Mungu wangu. Aliyekuwa kwenye kitambulisho alikuwa na pua nyembamba na kidevu kidogo. Huyu aliyekaa kwenye kiti alikuwa na pua pana, taya limesogea mbele, paji la uso limetuna juu ya macho. Nilikuwa nikimwona kila siku, na ndiyo maana sikumwona.

Kutoka hapo tulipelekwa hospitali kubwa. Damu zikatolewa, kichwa kikaingizwa kwenye mashine inayogonga kama watu wanaobomoa nyumba, na mwishowe tukakalishwa mbele ya daktari wa homoni, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alitueleza polepole. Ndani ya kichwa, nyuma ya pua, chini ya ubongo, kuna tezi ndogo inaitwa pituitari. Hiyo ndiyo inayoamuru mwili ukue. Ya wifi ilikuwa imeota uvimbe. Haikuwa saratani, lakini ilikuwa inamwaga amri ya kukua mchana na usiku kwa mtu aliyemaliza kukua miaka mingi. Viungo vinatanuka, vinasagana, vinauma. Na uvimbe wenyewe umeshaanza kukandamiza mishipa ya macho, ndiyo maana pembeni kumekuwa giza.

"Mkubwa kiasi gani?" wifi akauliza.

Daktari akafikiria mfano.

"Niambie kwa vifungo," wifi akamsaidia. "Kifungo cha shati au cha koti?"

"Cha koti, mama."

Wifi aliinua mkono wake wa kulia, akaunganisha vile vidole viwili, akavitazama kwa muda mrefu mpaka nikaogopa.

"Kwa hiyo vidole vyangu vimenenepa."

"Ndiyo. Miaka sasa, kidogokidogo."

Akanigeukia, na naapa sijawahi kuona uso umeng'aa vile tangu siku ya harusi yake. "Wifi! Umesikia? Mikono haijasahau kazi. Ni vidole vimenenepa! Vidole vikinenepa kola inapwaya. Lazima ipwaye!" Akacheka, akapiga goti lake kwa furaha, akaguna kwa maumivu ya hilo goti, akaendelea kucheka. Daktari alinitazama kwa wasiwasi, akidhani mgonjwa hajaelewa kwamba kichwani ana uvimbe. Alielewa vizuri sana. Alikuwa amerudishiwa heshima yake, na hayo mengine aliyaona ya kuzungumzika.

Tulipotulia akauliza lililobaki. Baada ya matibabu, mikono itarudi ilivyokuwa? Yule mama hakutudanganya, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Nyama itapungua uvimbe, alisema, lakini mfupa ukishatanuka haurudi. Na maumivu? "Mengine yatapungua. Mengine utaishi nayo, mama. Tutakusaidia kuishi nayo." Wifi akaitikia kwa kichwa.

Walimfanyia operesheni kupitia puani. Aliposikia wataingilia huko alisema afadhali, maana pua sasa ina nafasi ya kutosha kupitisha baiskeli. Mimi ndiye niliyekaa kwenye kiti cha nje nikiwa sina utani hata mmoja. Nilimkuta wodini amezibwa pua, anahema kwa mdomo, uso umevimba, macho ameyaelekeza mbele ukutani. Nikakaa, nikaweka beseni kando ya kitanda. Bila kugeuza kichwa akasema kwa sauti ya mafua, "Hilo beseni limekaa vibaya, litaanguka." Beseni lilikuwa pembeni kabisa, mahali palipokuwa giza machoni pake. Nililia mpaka nesi akaja kuuliza nani kafa.

Sasa mngependa nimalizie hapo. Watu wengi mtaani walimalizia hapo. Walikuja kumpa pole, wakamwona anatembea, wakasema, "Si umeshapona?" Wiki mbili baadaye wanamkuta ameshika ukuta akitafuta namna ya kuinuka, wanarudia, "Lakini si ulifanyiwa operesheni?" Kana kwamba amewadanganya. Mimi hasira zangu ni fupi. Niliwajibu kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mmoja nilimwonyesha mlango. Jirani yetu anayeuza mitumba alimwambia amenenepa anapendeza. Wifi alitabasamu, akamshukuru. Alikuwa na subira ambayo mimi sikupewa.

Kila mwezi anakwenda kuchomwa sindano, maana kidogo cha uvimbe kilibaki mahali ambapo kisu hakikuthubutu. Kichwa kimetulia, jasho limekauka. Lakini magoti, nyonga na vidole vimeshaharibika na havikusikia habari za operesheni. Kuna siku anaamka vizuri, anafagia mpaka barazani, anaimba. Kuna siku siwezi kumgusa bega. Siku hizo gauni lake mwenyewe linamshinda kufunga, na mimi niliyeshona vifungo maisha yangu yote sasa namfungia kimoja kimoja huku nikimsema kwamba amezoea kuhudumiwa. Akikaa kimya namsema zaidi, mpaka anijibu. Akinijibu najua siku itapita. Tulipata fundi akaifungia cherehani mota ndogo ili miguu isikanyage pedali. Anashona asubuhi, akichoka anakwenda kulala nyuma ya pazia, nami nawaambia wateja fundi ametoka.

Ila kola hakuzigusa tena. Alishona mapazia, mashuka, sketi za mpira kiunoni, vitu vyote vilivyonyooka. Mtu akija na kitambaa cha shati anaambiwa aende kwa fundi mwingine. Vidole vyake vilikuwa vimepungua kidogo tu, havikuwa vya zamani wala vya juzi. Nilimfumania mara kadhaa mbele ya kioo, tepu shingoni mwake mwenyewe, vidole viwili ndani, anameza mate. Kisha anatoa tepu na kuitupa mezani. "Hivi sivijui," alisema siku moja akiviangalia. "Ni vya mtu mwingine." Nilirudia ule ushauri wangu wa sentimita mbili. Akavuta shuka la mteja, akaendelea na pindo.

Basi asubuhi moja mkuu wa walinzi akaingia. Alikuwa amevaa shati la kiwandani, kola imemkaba mpaka shingo imefura juu yake.

"Mama Kola, nimerudi kwa miguu yangu. Hili shati litaniua kabla ya majambazi."

"Kola sishoni tena, baba. Nenda pale ng'ambo."

"Ng'ambo nilishakwenda."

"Basi nenda kwingine."

Yule mtu hakubishana. Alikwenda tu mbele ya kioo chenye ufa, akafungua kifungo cha juu, akainua kidevu. Akasimama hivyo, kama alivyosimama miaka yote, akitazama dari na kusubiri. Mtu mzima, mnene, mkuu wa watu, ametulia kama mtoto anayenyolewa. Wifi akamtazama. Mimi niliacha sindano katikati ya tundu.

Aliinuka kwa shida, kwanza mkono mezani, kisha goti moja, kisha la pili. Akachukua tepu. Akaizungusha kwenye ile shingo, akainua vidole vyake viwili, vikafika kwenye tepu vikasimama.

"Wifi," akasema bila kugeuka. "Njoo. Lete vidole."

"Vyangu? Vyangu ni vya vifungo."

"Lete, nimesema!"

Nikaenda. Nikavipenyeza pale aliponionyesha, kati ya tepu na shingo ya mtu nisiyemhusu, na aibu zangu zote.

"Meza mate," wifi akaamuru.

Akameza. Nililisikia koo likipanda, likanisukuma, likashuka. Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Miaka yote hiyo nilikuwa nimekaa hatua chache tu kutoka hapo nikidhani anawatekenya watu. Wifi aliweka mkono wake mkubwa juu ya wangu, akafumba macho.

"Vyako ni vyembamba kidogo kuliko vyangu vya zamani," akasema. "Usivibane. Viachie vipumue. Kidogo tena." Mkuu wa walinzi hakuthubutu hata kupumua. "Hapo. Hapohapo. Usitoke."

Akasoma namba mwenyewe.

Alikata siku hiyohiyo, akashona kidogokidogo kila asubuhi, kola akaifumua mara moja na kuirudia. Mkuu wa walinzi alipokuja kulichukua shati alifunga mpaka kifungo cha juu. Akageuza shingo kushoto, akageuza kulia. Halafu akameza mate bila kuambiwa na mtu.

"Imekaa," akasema.

Alipoondoka, wifi alikwenda nyuma ya pazia. Nikamsikia analia. Kilio chake cha maumivu nakijua, ni kifupi na cha hasira. Hiki hakikuwa hicho, kwa hiyo nilimwacha alie. Aliporudi nilimwambia watu wa zamani hawakukosea, kidole kimoja hakivunji chawa.

"Ndiyo maana niliomba viwili," akanijibu, akaniamuru niwashe pasi.

Maumivu yapo. Leo asubuhi nimemkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, anasubiri magoti yampe ruhusa, na nimesubiri naye. Sitawadanganya kwamba amezoea. Lakini mashati yamejaa tena mezani, na jina lake amebaki nalo. Nami kiti changu cha mlangoni sikikalii sana siku hizi. Nikichelewa dukani wifi hata haulizi mimi niko wapi. Anasimama na tepu shingoni, anachungulia barabarani kupitia dirishani, na kumwambia mteja avumilie kidogo, vidole vyake viko njiani.